Tuseme: Drama ya shule na vurugu za vijana wa Njiru

Neno 'tuseme' hufanya kazi mbili katika Kiswahili. Ukilitamka mkutanoni, unawahimiza wenzako watoe ya moyoni: jamani, tusinyamaze, tuseme. Ukilitamka katika somo la hisabati, kazi inabadilika. 'Tuseme Juma ana maembe matano.' Hapo humwombi mtu aseme lolote. Unamwomba akubali kwa muda jambo lisilokuwepo ili muone litawafikisha wapi. Tuseme ya kwanza ni ya kunena. Tuseme ya pili ni ya kudhania.

Nashikilia katika makala haya kwamba maana hizo mbili ndizo zinazohitajika ili sanaa ya uigizaji isaidie kuzuia vurugu miongoni mwa vijana wetu shuleni. Nashikilia pia kwamba drama ya shule za Kenya, kwa jinsi tunavyoiendesha tangu zamani, inawanyima wanafunzi zote mbili.

Neno lenyewe sikulichagua ovyo. Mwaka 1996, wataalamu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Prof Penina Mlama na Prof Amandina Lihamba, walianzisha mradi katika shule za sekondari za Tanzania wakauita Tuseme. Wasomaji wengi wa safu hii wanamjua Mlama kwa jina la Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia za Hatia, Nguzo Mama na Lina Ubani. Tumezisoma, tumezifundisha, tumezitungia maswali ya mtihani. Kazi yake ya shuleni haijulikani sana huku kwetu, na ni hasara.

Mradi ule ulilenga wasichana. Wanafunzi waliketi wakataja wenyewe yanayowasumbua: kunyanyaswa kimapenzi na wavulana na hata na walimu, mimba za mapema, kazi za nyumbani zinazowala muda wa kusoma, woga wa kuinua mkono darasani. Baada ya kutaja, walichanganua kiini cha kila tatizo. Kisha wakatunga mchezo, wimbo au ngoma kutokana na uchambuzi huo, wakauonyesha mbele ya wenzao na walimu wao. Onyesho lilifuatwa na majadiliano, na majadiliano yakafuatwa na mpango wa utekelezaji: nani atafanya nini, na nani atafuatilia. Baadaye shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana Afrika na ambalo makao yake yako hapa Nairobi, liliuchukua mradi huo na kuueneza katika nchi nyingi za bara hili, Kenya ikiwemo.

Tazama mpangilio ule vizuri. Onyesho liko katikati ya safari. Kabla yake kuna utafiti unaofanywa na wanafunzi, na baada yake kuna kazi. Katika drama yetu ya mashindano, onyesho ndilo mwisho wa safari. Baada yake kuna kikombe na basi la kurudi nyumbani.

Kwa nini nalileta jambo hili leo? Kwa sababu historia ya shule zetu imeandikwa kwa moshi. Julai 1991, katika Shule ya Upili ya St Kizito, Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengine wengi wakanajisiwa. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa makusudi. Mwaka 2016, shule zaidi ya 100 zilichomwa. Kila mara tunaunda jopo. Jopo la Sagini liliandika ripoti mwaka 1991, la Wangai likaandika yake mwaka 2001, na kadhalika. Kabati limejaa.

Wahenga walitangulia majopo hayo yote waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii tunaifundisha kama mapambo ya insha. Kwa maoni yangu ni maelezo kamili ya kinachotokea shuleni. Watoto 1,000 wanaishi pamoja, wana malalamiko, na hawana mahali pa kuyasemea bila kuitwa wachochezi. Kimya kinarundikana. Siku moja kinalipuka, nasi tunashangaa: 'Ala! Na walikuwa watoto watulivu!'

Lakini mjadala wa kitaifa kuhusu vurugu za wanafunzi umejifungia katika shule za bweni. Tukitaja vurugu, tunawaza petroli na magodoro. Njoo Njiru, mashariki ya Nairobi, uone sura nyingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 626,482 katika kaunti ndogo ya Njiru. Ni eneo lililokua haraka kando ya barabara ya Kangundo, penye machimbo ya mawe, majumba ya kupanga yanayoongezwa ghorofa kila mwaka, na mto Nairobi unaopita na uchafu wa jiji zima. Wanafunzi wengi huko ni wa shule za kutwa. Hii ina maana kwamba mwanafunzi huvuka mpaka mara mbili kila siku. Asubuhi anatoka mtaani kuingia shuleni. Jioni anatoka shuleni kurudi mtaani. Vurugu nazo huvuka naye. Ugomvi ulioanza darasani humalizikia stejini, na ugomvi wa stejini huingia darasani kesho yake, ukiwa umefichwa ndani ya soksi.

Kijana wa pande hizo, awe wa Njiru, Kayole au Dandora, anabanwa na mikono mitatu. Kuna magenge yanayomwita, na jina la Gaza limevuma Kayole kwa miaka mingi. Kuna polisi ambao humwona mshukiwa kabla ya kumwona mwanafunzi. Vituo vya haki za kijamii vya Eastlands vimepigia kelele mauaji ya vijana kiasi kwamba hakuna mkazi anayeweza kusema hakusikia. Na kuna watu wazima wa nyumbani na shuleni ambao dawa yao ya kila kosa ni kiboko, ingawa adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia. Kijana wa namna hiyo ukimpelekea mhadhara kuhusu amani, atakusikiliza kwa adabu, atapiga makofi, kisha ataenda zake.

Hapo ndipo watu wengi husema: tuwapelekee drama. Mimi nasema sawa, lakini drama gani?

Tamasha zetu za kitaifa za drama zina historia ya zaidi ya nusu karne na zimetukuza. Waigizaji, watunzi, wanahabari na wanasiasa wengi wa nchi hii walianzia pale. Sizibezi. Lakini tazama zinavyofanya kazi. Hati hutungwa na mtu mzima, mara nyingi mtunzi wa kulipwa asiyefundisha shuleni humo. Mwanafunzi hukariri. Mkufunzi humwonyesha mahali pa kusimama, wakati wa kulia na upande wa kugeuza shingo. Hadhira huketi gizani na kushangilia. Waamuzi hutoa alama. Maudhui yanaweza kuwa dawa za kulevya, ufisadi au ukeketaji, na mwishoni mhusika mwovu hutubu au hukamatwa. Jibu lilikuwa limeandikwa kabla mazoezi hayajaanza.

Nilinganishe na kitu tunachokijua sote. Mtegaji wa kitendawili husema, 'Kitendawili!' Hadhira hujibu, 'Tega!' Anatega. Watu wanajaribu, wanakosea, wanacheka, wanajaribu tena. Wakishindwa kabisa, mtegaji hudai mji, anapewa mji, ndipo anapotegua. Utamu wote uko katika kule kujaribu. Sasa fikiria mtegaji anayetega na kutegua palepale, peke yake, kwa sauti nzuri na mavazi ya kupendeza, halafu anapewa kikombe. Hiyo ndiyo drama yetu ya mashindano. Jadi yetu ya fanani na hadhira, ambamo msikilizaji huitika, huimba kiitikio na hata humkosoa msimulizi, tuliiacha mlangoni tulipoingia ukumbini.

Kisa cha Echoes of War kinaonyesha jambo hili kwa uchungu. Aprili 2025, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walifika Nakuru kwa tamasha za kitaifa. Mchezo wao ulikuwa umeondolewa mashindanoni, mahakama ikaamuru waruhusiwe, na mtunzi wake, aliyekuwa Seneta Cleophas Malala, akakamatwa na polisi. Asubuhi ya Aprili 10 wasichana wale walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Nje, vitoa machozi vilikuwa vikifuka. Shule hiyohiyo ilikuwa imepitia mkasa kama huo mwaka 2013 kwa mchezo Shackles of Doom, wa mtunzi yuyo huyo, nao pia ukaokolewa na mahakama.

Taifa liligawanyika: wengine wakatetea uhuru wa mtunzi, wengine wakasema wanafunzi wanatumiwa na wanasiasa. Mimi niko upande wa uhuru wa mtunzi, bila shaka. Lakini katika kelele zile zote, ni wachache waliouliza wasichana wenyewe wangetunga nini kama wangepewa kalamu. Serikali iliogopa maneno ya mtu mzima. Watetezi walitetea maneno ya mtu mzima. Kitendo kimoja tu cha asubuhi ile kilikuwa cha wasichana wenyewe: kukataa kuigiza. Na ndicho kilichosikika kuliko mchezo wowote uliopata zawadi.

Kuna njia nyingine ya kuigiza. Mbrazili Augusto Boal (1931-2009), baada ya kufungwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa nchi yake mwaka 1971, alikimbilia uhamishoni. Mwaka 1973 alikuwa Peru katika mradi wa kufundisha watu wazima kusoma, mradi uliofuata fikra za Paulo Freire. Waigizaji wake walikuwa wakionyesha tatizo, wanasimama, wanaiuliza hadhira la kufanya, kisha wanaigiza ushauri uliotolewa. Siku moja, anasimulia Boal, mwanamke fulani aliona waigizaji wanaharibu ushauri wake kila wanapoujaribu. Akaambiwa, basi panda mwenyewe uonyeshe. Akapanda. Tangu hapo Boal alikuza aina ya uigizaji ambamo mtazamaji ana haki ya kusimamisha mchezo, kumtoa mwigizaji, na kujaribu njia nyingine kwa mwili wake mwenyewe.

Mtazamaji wa aina hiyo mimi namwita mtazamaji-mtendaji. Anayeongoza shughuli wengi humwita mwezeshaji. Mimi ningependelea mtegaji, kwa sababu kazi yake ni kutega na kuacha wengine wategue. Na sanaa yenyewe tunaweza kuiita uigizaji shirikishi. Wasomaji wenye istilahi bora walete, tuzipige msasa.

Sasa turudi Njiru tuitumie ile tuseme ya pili, ya kudhania. Tuseme tuko katika shule ya kutwa isiyo mbali na barabara ya Kangundo. Wanafunzi wa Kidato cha Pili wametunga mchezo wa dakika kumi. Mvulana, tumwite Brayo, amechekwa na Kevo mbele ya darasa zima: 'Mathako ndiye mama fua wetu!' Darasa linaangua kicheko. Brayo anameza mate. Saa kumi jioni anapita stejini, anakuta vijana wakubwa wameegemea ukuta. Mmoja anamwambia, 'Buda, hayo ni madharau. Utakubali aje?' Anamkabidhi kisu. Brayo anakipokea. Mchezo unasimama hapo, kisu kikiwa hewani.

Mtegaji anageukia darasa: ni wapi mambo yangeweza kwenda njia nyingine?

Msichana mmoja anainuka, anachukua nafasi ya Brayo, anarudisha tukio la darasani. 'Kevo, maneno yako yameniudhi. Tafadhali niombe radhi.' Darasa zima linacheka. 'Hiyo ni Kiswahili ya kitabu! Nani huongea hivyo?' Boal alikuwa na kanuni kwa hali hiyo: hadhira ikiona suluhisho haliwezekani katika maisha halisi, hupaza sauti kwamba huo ni uchawi. Msichana anajaribu tena, safari hii kwa Sheng, kwa ukavu, bila tafadhali. Kicheko kinapungua. Ameanza kugusa kitu.

Mvulana wa pili anachukua nafasi ya Brayo na kwenda kwa mwalimu wa zamu. Mwanafunzi anayeigiza mwalimu hata hamwachi amalize sentensi. Anawachapa wote wawili, Brayo na Kevo, na kuwaambia waache utoto. Darasa linapasuka kwa kicheko tena, lakini hiki ni kicheko cha aina nyingine. Kila mtu anamjua mwalimu anayeigizwa. Na pengine yeye mwenyewe ameketi kule nyuma.

Wa tatu anauliza kama anaweza kumwacha Brayo alivyo na kuchukua nafasi ya rafiki aliyekuwa amesimama kando tangu mwanzo bila kusema neno. Anamshika Brayo mkono kengele inapolia. 'Twende na hii njia ingine. Hiyo story tutaongea kesho.' Wanapita njia isiyofika stejini. Mtegaji anauliza: na kesho je?

Hakuna suluhisho kamili hapo, na sikuliahidi. Lakini darasa limegundua mambo matatu ambayo mhadhara wa amani usingeyagundua. Hatari iko katika saa zile kati ya kengele ya mwisho na giza, mahali pamoja panapojulikana. Mlango wa mwalimu, unaotangazwa kuwa uko wazi, kwa macho ya wanafunzi umefungwa. Na mtu mwenye nafasi kubwa zaidi ya kugeuza mambo huenda si mwenye hasira wala mchokozi. Ni yule wa tatu, shahidi aliyenyamaza. Ugunduzi huo ni wao. Na aliyefanya jambo mara moja kwa mwili wake, hata kama ni katika mchezo, si sawa na aliyeliandika katika daftari.

Nigusie lugha, kwa kuwa hii ni safu ya lugha. Wapo wenzangu wa idara za Kiswahili watakaouliza: Profesa, umeruhusu Sheng darasani? Ndiyo, katika tukio la namna hii nimeiruhusu. Mwanafunzi wa Eastlands hukasirika kwa Sheng, huogopa kwa Sheng na hutishwa kwa Sheng. Ukimlazimisha aigize hasira yake kwa Kiswahili sanifu, utapata sarufi nzuri na hasira ya uongo. Lakini kazi ya Kiswahili sanifu haijaisha hapo, ndipo inapoanza. Mchezo ukisimama na mazungumzo yakaanza, wanafunzi wanahitaji maneno ya kupambanua waliyoyaona. Hilo neno 'madharau' limebeba nini? Ni aibu? Ni wivu? Ni fedheha? Ni woga? Kijana mwenye neno moja tu kwa hisia zote hizo atazijibu zote kwa njia moja. Msamiati mpana humpa nafasi ya kupumua.

Watu wazima nasi tuchunguze maneno yetu. Tunasema 'kumtia adabu' mtoto, 'kumnyorosha', tukiwa na maana ya kumpiga. Tunajikinga kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Hatusemi kwamba methali hiyo haitaji fimbo popote. Mtoto anayepigwa kwa jina la adabu hujifunza kwamba anayekuudhi unaweza kumnyorosha. Kisha tunamshangaa stejini.

Sasa pingamizi, maana zipo, na nyingine ni nzito.

Kwanza, watauliza kama kuna ithibati. Ipo, ingawa si ya kuvimbia kichwa. Huko Boston, Marekani, programu ya Urban Improv imekuwa ikiwaigizisha wanafunzi visa vya ugomvi na kuwaacha wavikatize na kujaribu maamuzi yao. Watafiti walipowalinganisha wanafunzi wa darasa la nne walioshiriki na wasioshiriki, waliona nafuu katika tabia ya uchokozi na katika ushirikiano. Hao ni watoto wa miaka tisa au kumi, katika jiji lenye shule zenye fedha. Haitoshi kuapa kwamba itakuwa hivyo Njiru kwa kijana wa miaka 16 anayetafutwa na genge. Inatosha kutufanya tujaribu kwa makini na kupima matokeo.

Pili, Boal alibuni sanaa yake kwa hali ambamo mkandamizaji na mkandamizwa wanajulikana: bwana shamba na kibarua, mwanajeshi na raia. Kijana wa Njiru hana upande mmoja. Asubuhi anapokonywa simu, jioni anapokonya. Tukimwonyesha kama mwathiriwa tu tutamdanganya, na tukimwonyesha kama mhalifu tu tutamfukuza. Ndiyo maana naona busara ya kuruhusu nafasi ya shahidi ichukuliwe, si ya Brayo pekee.

Tatu, kuna uigizaji unaojiita shirikishi ambao si shirikishi. Wafadhili huja na ujumbe uliokwisha kupikwa, fulana zenye maandishi na soda. Vijana huigiza ujumbe huo, hadhira huulizwa 'mmejifunza nini?', nayo hujibu kwa pamoja kile ambacho mfadhili anataka kusikia. Hicho ni kitendawili chenye jibu lililobandikwa ukutani. Si wote walio hivyo: Nairobi imekuwa na vikundi makini kama Amani People's Theatre, kilichoanzishwa 1994 kutumia uigizaji katika kusuluhisha migogoro. Lakini penye bajeti ya kumalizwa kabla ya Desemba, ujanja huu haukosi.

Pingamizi la nne ndilo linaloninyima usingizi. Tukishawaambia 'tuseme', na wakasema, itakuwaje? Tuseme mwanafunzi anaonyesha jukwaani mwalimu anayemtaka kimapenzi. Tuseme mwingine anaonyesha kisu ambacho, bila shaka yoyote, amekwisha kukiona. Shule ikiwaita ofisini kesho yake kuwahoji au kuwatimua, tutakuwa tumetumia sanaa kama mtego wa panya. Kamĩrĩthũ inatukumbusha. Mwaka 1977 wanakijiji wa Limuru walishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii katika Ngaahika Ndeenda. Wakulima na wafanyakazi walirekebisha hati, wakasahihisha lugha, wakajenga ukumbi wao wenyewe. Leseni ikafutwa mwezi Novemba mwaka huo. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Watu walisema, na wakalipa.

Ndipo nauona uzito wa ile hatua ya mwisho ya mradi wa Dar es Salaam: mpango wa utekelezaji na ufuatiliaji. Bila hatua hiyo tuseme ni ukatili. Boal mwenyewe alielewa hivyo alipokuwa diwani wa Rio de Janeiro kati ya 1993 na 1996. Aliyatumia maonyesho ya mitaani kukusanya mapendekezo, akayapeleka barazani, na zaidi ya sheria kumi zikapatikana kwa njia hiyo. Sitarajii mwalimu mkuu wa Njiru atunge sheria. Natarajia aweze kusema wiki inayofuata: mlituonyesha kwamba njia ya stejini ni hatari saa kumi jioni, tumezungumza na wazazi na wahudumu wa matatu, na haya ndiyo tuliyokubaliana.

Mtaala wa Umilisi umefungua mlango ambao 8-4-4 haikuufungua. Sanaa ina mkondo wake katika shule ya upili, na ushirikiano, mawasiliano na utatuzi wa matatizo yametajwa waziwazi miongoni mwa umilisi unaokusudiwa. Hatari ni kwamba tutaugeuza uigizaji shirikishi kuwa somo la mtihani: 'Taja sifa tano za mtazamaji-mtendaji. Alama 10.' Tamthilia tumezifanya hivyo tayari. Mwanafunzi anaweza kuichambua Kigogo ukurasa kwa ukurasa, akapata alama ya A, na asijue la kufanya anapoonewa kwenye foleni ya chakula.

Mapendekezo yangu kwa shule za Njiru na nyingine za hali kama hiyo ni machache. Kila muhula, darasa moja litunge mchezo wake mfupi, bila mtunzi wa kukodiwa, bila waamuzi na bila kikombe. Lugha ichaguliwe na wahusika. Majina halisi ya watu yasitajwe jukwaani. Mtegaji awe mtu asiyewaadhibu wanafunzi hao: mwalimu mnasihi, au kijana wa mtaani aliyefunzwa kazi hiyo na anayeaminika pande zote mbili. Walimu waketi pamoja na wanafunzi, nao wawe tayari kupanda jukwaani wakiitwa, ikiwezekana katika nafasi ya mwanafunzi. Pawepo mtu anayejulikana wa kupokea siri nzito zitakazojitokeza, na njia ya kuzifikisha kwa wahusika wa ulinzi wa watoto bila kumwanika aliyezitoa. Na kabla ya watu kutawanyika, itajwe tarehe ya kurudi kuangalia kilichofanyika.

Hakuna kinachohitaji fedha nyingi hapo. Kinachohitajika ni ghali kwa namna nyingine: mwalimu mkuu akubali kuigizwa mbele ya shule yake, acheke na wengine, kisha arekebishe. Tamasha za kitaifa ziendelee, vikombe vishindaniwe. Lakini kijana anayeshikishwa kisu stejini hatafuti kikombe. Anahitaji, hata mara moja kabla ya jioni hiyo, awe amejaribu kukikataa mbele ya watu wanaomjua, na aone kwamba dunia haikuanguka.